Maharagi ya Walungu katika Udongo wa Berchem

Kabla sijarudisha funguo za depo ya vyombo, chef, mkuu wa sasa wa timu, alinipa kazi moja ya mwisho: niandike ukurasa mmoja wa mashauri ya majira ya kuchipua kwa wale watakaobaki. Niliuandika kwa Kifaransa, ukabandikwa ukutani juu ya mashine ya kahawa, na tayari umemwagikiwa kahawa. Unasema mambo ya kweli. Msipande mapema, safisheni vyombo, msiache mpira wa maji ukiwa wazi. Lakini mtu akiusoma hatajua yale mashauri yalitoka wapi. Kwa hiyo ninyi wanne wa timu mnaosema Kiswahili, nawaandikia huu mwingine. Mashauri mengi yalitoka kwenye makosa, na makosa mengi yalikuwa yangu. Katika hilo nilikuwa fundi wa kweli.

Nilipofika Brussels kutoka Bukavu nilikuwa fundi wa redio. Kule mtaani Kadutu nilikuwa na kibanda changu: redio, kaseti, pasi za umeme, na mara moja kinanda cha kwaya kilichoingiwa na panya. Baba alikuwa karani, mama alinunua mboga sokoni kama watu wengine wa mjini. Jembe nililijua kwa sura tu. Lakini yule mama wa ofisi ya kazi alipotazama karatasi zangu akaona neno Kivu, uso wake uling'aa.

“Ah, Kivu! Kwenu ni kijani sana, n'est-ce pas? Basi unajua kulima.”

Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kazi. Nikamjibu kwamba Kivu ni kijani sana. Hakuna mtu atakayeniambia huo ulikuwa uongo. Akaandika “mtunza bustani”, na Jumatatu iliyofuata nikawa nimesimama mbele ya majengo ya cité, mtaa wa maghorofa ya kupanga wa Berchem, nimevaa buti za mtu mwenye miguu mikubwa kuliko yangu.

Mkuu wa timu aliitwa Staf. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio mekundu, Mflamandi wa hapo hapo, aliyesema maneno machache kwa Kifaransa na machache zaidi kwa lugha yake. Ulikuwa mwezi wa tatu. Alinipa mkasi wa kupogolea, akanionyesha kwa kidevu mstari wa miti mifupi mbele ya jengo la kwanza, akasema, “Waridi. Kata fupi.” Halafu akaenda kupigana na mashine ya kukatia majani, ambayo ilikuwa imekataa kuwaka.

Sasa, upande wa kushoto wa mlango yalikuwa mawaridi. Upande wa kulia zilikuwa hortensia, yale maua makubwa ya mviringo ambayo wazee wa hapa wanayapenda kuliko wajukuu. Mwezi wa tatu yote ni vijiti. Mimi niliona vijiti vyote ni ndugu. Nilikata kushoto, nikakata kulia, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mtu wa bidii, nikazunguka nyuma ya jengo nikakata na huko.

Staf aliporudi alitazama vijiti vya kushoto, akatazama vya kulia.

“Umekata hortensia.”

“Ndiyo. Fupi.”

“Mwaka huu hazitatoa ua.”

“Hata moja?”

“Hata moja.” Akafungua termosi yake. “Basi hakuna haraka tena. Kunywa kahawa.”

Hakunifokea, si siku ile wala baadaye. Majira yote ya joto watu wa jengo lile walitazama majani matupu, na madame mmoja wa chini aliniuliza kila wiki ni nini kimezipata hortensia zake. Nilimwambia ni ugonjwa. Alipouliza kama ugonjwa huo utarudi mwaka kesho, nilimwambia umeajiriwa kwa miaka miwili, lakini nilisema kwa Kiswahili. Kwa hiyo shikeni hili: waridi likatwe mwezi wa tatu, pale yale maua madogo ya njano ya forsythia yanapofunguka kando ya barabara. Hortensia iondolewe vichwa vilivyokauka tu, tena baada ya baridi kali kuisha. Kichipukizi kinene cha mwaka huu kiko chini kidogo ya ua kavu la mwaka jana. Ukikata chini yake, umekata mwaka mzima.

Kilichoniokoa ni ile mashine ya majani. Mchana ule niliifungua mbele ya Staf, nikasafisha sehemu inayotoa cheche, nikakaza waya mmoja, ikawaka kwa mvuto wa kwanza. Staf alitazama mashine, akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba maua yanaweza kusubiri. Tangu siku hiyo vyombo vyote vilikuwa vyangu: kunoa mikasi, kupaka mafuta springi, kufuta makali kwa alkoholi kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine ili usibebe magonjwa. Hadi leo, brouette, yaani toroli, isiyolia gurudumu ikipita, mnajua ni ya kwangu. Mkiacha ianze kulia, nitaisikia kutoka nyumbani.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni Aprili. Kwetu mvua ikianza, imeanza, mtu anajua la kufanya. Aprili ya hapa ni mtu wa kuahidi. Asubuhi inakutupia mvua ya mawe, saa nne jua linakuvua koti, saa sita mvua ya mawe tena, na jioni ndege wanaimba kama vile hakuna aliyeona kitu. Halafu inakuja wiki moja ya joto, wasichana wanatoa viatu vya wazi, watu wanakaa nje kwenye terasi, na kila mwenye kipande cha ardhi anakimbia kununua miche ya nyanya. Maduka yanaiuza kwa furaha. Mwezi wa tano wanawauzia miche ile ile mara ya pili.

Nilimwuliza Staf, “Nitajuaje kwamba udongo umeshika joto?”

Alinijibu bila kucheka hata kidogo. “Wazee wetu walivua suruali wakakaa chini. Ukiweza kukaa bila kuruka, panda.”

Mtu mwenye akili angeona kwamba anataniwa. Mimi nilikuwa mfanyakazi mpya anayetaka kujifunza desturi za nchi. Kesho yake, nyuma ya kibanda cha vyombo, nilitazama kulia na kushoto, nikashusha suruali nikabaki na chupi, nikakaa. Ndugu zangu, niliruka. Na niliporuka nilijikuta uso kwa uso na mama mmoja na mbwa wake. Yeye hakupiga kelele. Alienda kumwambia concierge, mlinzi wa jengo, kwamba mfanyakazi mmoja mweusi anasali nyuma ya kibanda kwa namna isiyo ya kawaida.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza kuona meno yote ya Staf. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akapiga goti, akakunja mkono wa shati, akaweka kiganja na sehemu ya ndani ya kifundo cha mkono, pale mishipa inapopita, juu ya udongo. “Mkono unatosha, Déo.”

Mkono unatosha. Lakini hata mkono ukisema ndiyo, bado kuna Watakatifu wa Barafu. Mtawasikia wazee wa hapa wakiwataja kama watu wa ukoo: Mamertus, Pankrasi, Servasi. Sikukuu zao zinafuatana katikati ya mwezi wa tano, na desturi inasema baridi ya mwisho hupita nao. Mpaka wapite, maharagi, maboga, nyanya, pilipili, mchicha wetu wa lengalenga, vyote vibaki ndani dirishani. Viazi, vitunguu, kabichi na njegere havina shida, hivyo ni watoto wa hapa. Miaka mingine watakatifu wanapita kimya, hewa ni vuguvugu, na wewe uliyesubiri unaonekana mjinga. Kubali kuonekana mjinga. Mimi nina uzoefu, haiui.

Kufikia hapo, kanisani kwetu kule Matonge, mtaa wa Wakongo, habari zilikuwa zimeenea kwamba Papa Riziki ni mtu wa mashamba. Riziki ni binti yangu wa kwanza. Hakuna aliyeniuliza nilisomea wapi. Baada ya ibada kina maman walinizunguka: lengalenga inaota kwenye balkoni? Sombe ya muhogo je? Mbona maboga yangu yanatoa maua na hayatoi maboga? Niliweka mikono nyuma, nikatazama juu kama mtu anayekumbuka, nikasema, “Hiyo ni swali ya muhimu. Nitakujibu dimanche.” Jumatatu nilimwuliza Staf. Jumapili nilijibu. Wakaanza kuniita Papa Ingénieur, yaani mhandisi. Niliwakataza mara moja, kwa sauti ya chini.

Mke wangu alinitazama akasema, “Siku moja huyo Staf ataugua, na ingénieur ataugua pamoja naye.”

Mwaka uliofuata Staf alifanyiwa operesheni ya goti mwishoni mwa mwezi wa tatu. Aliniachia funguo, na neno moja: “Polepole.”

Katika cité kulikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya gareji ambacho commune, serikali ya mtaa, ilikigawa vibustani kwa wakazi. Mimi ndiye niliyekiangalia. Wiki chache kabla, binti mmoja aitwaye Aline alikuwa amenifuata baada ya ibada. Alikuwa anatunza wazee katika nyumba moja kule Etterbeek, na mama yake, Maman Nsimire, alikaa peke yake kwetu Berchem, ghorofa ya pili. Mume wake, Papa Zacharie, alikuwa amefariki kabla ya Noeli.

“Tonton,” Aline aliniambia, kama anayemwita mjomba, “mama hatoki tena. Anakaa tu kwenye kiti ya papa. Hata kanisa hataki. Huko Kivu, Walungu, alikuwa analima tangu utoto. Tafadhali, umupatie hata kipande kidogo.”

Nilimpa kibustani cha mwisho, kile chenye jua zaidi. Siku tatu za kwanza Maman Nsimire alikuja akasimama tu kwenye njia, mikono ndani ya koti. Siku ya nne aliinama akachukua udongo, akaufinya. “Iko muzito,” akasema. Hilo ndilo neno la kwanza alilonipa. Nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyeutengeneza.

Halafu ikaja ile wiki ya joto. Ilikuwa baada ya Pasaka, na joto lilikuwa la kweli, lile la kuvua koti na kusahau umeliacha wapi. Maman Nsimire alishuka na soksi ya mwanamume mkononi, soksi ya kijivu iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na maharagi, mekundu yenye madoa meupe.

“Baba Aline njo alileta,” akasema. “Alienda kuzika mama yake Walungu, mwaka jana. Aliweka mu soksi ili batu ba aéroport basione. Alisema, hii tutapanda pamoja printemps, baridi ikiisha.” Akakaza fundo la soksi. “Papa Ingénieur, baridi iliisha?”

Nataka muelewe kwamba nilijua. Watakatifu walikuwa bado hawajapita, na kiganja changu sikukiweka popote. Lakini jua lilikuwa mgongoni mwangu, mwanamke aliyejifungia ndani tangu Noeli alikuwa ananiita Papa Ingénieur, na nikasikia sauti nzuri, nzito, ikisema, “Maman, baridi ilishaisha. Unaweza kupanda.” Ilikuwa sauti yangu.

Alipanda kama mtu anayeandika jina lake. Kisigino kinatoboa, vidole vinaangusha, mguu unafunika, bila kutazama. Nilimwuliza kama hataweka akiba kidogo. Alisema, “Ya kuwekea nani?” Alipofika mstari wa mwisho mgongo ulimkataa, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikasema, “Leta, maman, huu nitapanda mimi.”

Nilichukua koleo. Sikujua kina cha haragi, na sikutaka kuuliza, maana mainjinia hawaulizi. Nikachimba mtaro ambao ungeweza kupitisha bomba la gesi, nikayapanga mle ndani, nikafukia, halafu nikashindilia kwa buti.

“Papa Riziki,” akasema kutoka kwenye ndoo, “unapanda ao unazika?”

Alianza kucheka. Kisha lile neno likamrudia yeye mwenyewe, kicheko kikakatika, akatazama soksi tupu mkononi mwake. Nilijifanya nasafisha koleo.

Mistari yake iliota vizuri. Mwanzoni mwa Mei ilikuwa imenyooka, majani mawili mawili, na yeye alikuwa anashuka kila asubuhi. Jirani Mmoroko wa kibustani cha pili alimpa mnanaa. Aline alinipigia simu kunishukuru. Mstari wangu ulikuwa udongo mtupu, na Maman Nsimire alipita kando yake kila siku akiguna kwa adabu. Mimi nilitembea cité nzima nikiwa nimenyoosha mgongo.

Watakatifu walikuja. Jioni ya siku ya kwanza mbingu ilikuwa safi, hakuna wingu, hakuna upepo, na kama mnataka kujua baridi ya Mei inavyobisha hodi, ni hivyo hivyo. Nililala usingizi mzuri. Asubuhi nilipotoka nyumbani vioo vya magari vilikuwa vyeupe.

Sikukimbia, kwa sababu nilijua. Majani yote ya mistari yake yalikuwa yamelala chini, meusi, yamelowa kama mboga iliyochemshwa. Yeye alikuwa amekwisha kufika. Amevaa koti la mumewe juu ya kitenge.

“Ulisema iliisha,” akasema.

“Nilisema, maman.”

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliinama akashika mche mmoja, ukamkatikia vidoleni, akauweka chini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha akapanda ngazi kwenda kwake.

Hakushuka tena. Nilienda mlangoni kwake kuomba msamaha, mara ya kwanza na mkate, mara ya pili na mke wangu, na mara zote mbili alisema kupitia mlango kwamba amekwisha kusamehe, twende salama. Aline alinipigia tena. “Tonton, amerudi kwenye kiti.” Tu. Jumapili kina maman waliponiuliza habari za nyanya, niliwaambia wamwulize mtu anayejua. Walidhani ni unyenyekevu, wakanisifu.

Nilimpigia Staf nyumbani kwake.

“Watakatifu?” akauliza.

“Sikuwangoja.”

Nilisikia televisheni yake. “Basi,” akasema mwishoni, “usiache ardhi tupu mbele ya macho yake. Weka kitu.”

Kwa hiyo mwishoni mwa Mei nilinunua miche ya boga, nikaja na uma wa kulimia kugeuza kile kibustani. Niligeuza mistari yake, mmoja baada ya mwingine. Nilipofika wa kwangu nilichoma uma kwa nguvu, nikainua bonge, na bonge likapasuka. Ndani yake kulikuwa na shingo ya mche, nyeupe, nene, iliyopinda kama mpini wa mwavuli. Nilikuwa nimeivunja katikati.

Nilipiga magoti. Nilitoa udongo kwa vidole, na mbele kidogo kulikuwa na nyingine, nzima, ikisukuma gamba la ardhi, na nyingine, na nyingine. Maharagi mengi yalikuwa yameoza huko chini nilikoyatupa, lakini si yote. Baridi ilikuwa imepita juu ya ardhi ikavuna ya mwanamke anayejua kulima, na ya mjinga ikayaacha, kwa sababu hayakuwa yamefika. Sijawahi kupata maelezo bora ya kazi yangu yote.

Nilipanda ngazi mbili mbili na buti zangu chafu. Nikabisha.

“Ni nani?”

“Ni Papa Riziki.”

“Papa Riziki, pardon ile nilikupatia. Iko ya kutosha.”

“Sikuya kuomba pardon, maman. Nilikuya kuuliza. Ile mustari yangu inatoka. Sijue nifanye nini nayo.”

Kisha sauti ikasogea karibu na mlango.

“Ile ulizika?”

“Ile nilizika.”

Mlango ulifunguka. Alikuwa na koti la mumewe, kitambaa cha kulalia kichwani na viatu vya ndani vya manyoya, na hakuvibadilisha. Alishuka mbele yangu akishika ukuta. Alipofika kwenye kibustani alipiga magoti pale pale kwenye matope, akatazama, akagusa shingo moja kwa ncha ya kidole. Nilisogea nione uso wake.

“Toka!” akanipigia kelele. “Uko unakanyaga! Miguu yote hii, unaweka hapa! Ni nani alikupatia kazi ya jardin, wewe?”

“Maman, hiyo ni histoire ndefu.”

“Toka. Leta chupa.”

Nilileta chupa za maji za plastiki kutoka kwenye mapipa ya cité nzima. Tulikata vichwa vyake, tukafunika kila mche na kanyumba kake. Alifanya kazi akinifokea bila kupumzika: kwa nini nimeshindilia, kwa nini nimepanga kama meno ya chanuo, mama yangu alinifundisha nini. Nilimwambia mama yangu alinunua mboga sokoni. Alisimamisha mikono.

“Wewe haujalima?”

“Nilikuwa natengeneza redio, maman. Kadutu.”

Alianza kucheka, na safari hii hakuna kitu kilichomkatiza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na koti la marehemu. “Zacharie,” akasema, akimwambia mtu ambaye hakuwapo, “sikia. Fundi ya redio.” Lilikuwa jina la mumewe, nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Halafu alilia kidogo, nami nikaenda kutafuta chupa nyingine ambazo hazikuhitajika.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa konokono wasio na nyumba, wale limaces. Mtapewa dawa nyingi za limaces: majivu, maganda ya mayai, bia kwenye kikopo. Nimezijaribu zote, na bia waliipenda sana. Dawa iliyofaa ilikuwa Maman Nsimire, kila asubuhi kabla ya jua kupanda, akiwaokota ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jirani Mmoroko alimletea vijiti vya maharagi kupandia. Mama yule wa mbwa, ambaye alinikumbuka vizuri, alisimama kuzungumza naye kwa Kifaransa cha mikono. Sikuitwa tena Papa Ingénieur upande ule. Maman Nsimire aliwaambia wote mimi ni fundi wa redio, na kila aliyekuwa na redio mbovu aliniletea.

Mimi nilingoja sahani yangu ya maharagi. Maganda yalipojaa nilipita pale mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Maman Nsimire hakuchuma hata moja. Aliyaacha yakauke kwenye mti mpaka yakawa yanalia kama njuga, akayapukuchua juu ya kitambaa, akayapanga kwenye karatasi dirishani yawe mbegu, na hakuna mtu aliyeonja. Staf, aliyekuwa amerudi akitembea na fimbo, aliniuliza maharagi yana ladha gani. Nikamwambia, kwa macho ni matamu sana.

Mwaka uliofuata tulikuwa watu watatu kwenye kile kibustani, na watakatifu wote walikuwa wamekwisha kupita. Staf alikunja mkono wa shati, akaweka kiganja chini. Maman Nsimire aliweka chake kando yake. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza, lakini waliinua mikono pamoja, wakaitikiana kwa kichwa. Alipanda yeye mistari yote. Mimi nilipewa ndoo ya kukalia.

Mvua ilikuja kwa kiasi, jua likaja kwa zamu yake. Maharagi yalipanda vijiti, yakavipita, yakashika waya wa gareji. Mwezi wa kumi Aline alitualika nyumbani kwa mama yake, mimi na mke wangu na Staf. Kile kiti cha Papa Zacharie kilikuwa kimesogezwa mezani, na Staf ndiye aliyekalishwa hapo kwa sababu ya goti. Maman Nsimire alileta sufuria akaiweka katikati: maharagi mekundu, vitunguu, mawese kidogo, na bugali pembeni.

Staf alikuwa anaijua habari nzima. Nilimsimulia mwenyewe katika gari, mara nyingi. Alipakuliwa, akatazama sahani, akaanza kula haragi moja moja kwa ncha ya uma, anatafuna, anangoja, anachukua jingine. Sahani yake haikupungua. Maman Nsimire alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

“Huyu papa hapendi?”

Nikamwuliza Staf. Akawa mwekundu mpaka shingoni. “Ninapenda,” akasema. “Lakini haya ni ya mumewe. Sitaki kuyamaliza.”

Nilitafsiri. Maman Nsimire akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na mtungi mkubwa wa kioo uliojaa maharagi hadi mdomoni, akauweka mezani mbele ya Staf kwa mikono miwili. Kisha akachukua kijiko cha kupakulia.

“Umuambie akule,” akasema. “Mbegu iko.”

Nilimwambia. Staf alitazama mtungi, akamtazama yeye, akasukuma sahani mbele, aongezewe.